Vitanda vitupu bwenini, vyumba vimejaa mtaani: nini hasa kinachowafukuza wanafunzi?

#1 Mwanagenzi wa Nyaya
Salaam kwenu nyote. Mimi ninasomea umeme wa majumbani katika chuo kidogo cha ufundi kilichoko kando ya barabara, kati ya Mokowe na Hindi, huku Lamu bara, na sitakitaja jina kwa kuwa bado ninakihitaji cheti chao. Kuna jambo linalonitatiza tangu muhula huu wa pili uanze. Bweni letu lina vitanda 48. Juzi nilipita nikahesabu magodoro, nikapata 19. Vitanda vingine vimebaki mbao tupu, na viwili vimegeuzwa mahali pa kuwekea mafagio. Wakati huohuo, ukienda mtaani Mokowe utawakuta wanafunzi wa chuo hichohicho wamepanga vyumba, wawili wawili na hata watatu, na kila asubuhi wanapanda bodaboda kuja darasani. Bweni ni Sh 4,500 kwa muhula wa miezi mitatu. Chumba cha kawaida Mokowe ni Sh 2,000 kwa mwezi, yaani Sh 6,000 kwa muhula kabla hujanunua hata balbu. Watu hukimbilia rahisi. Hawa wanakimbilia ghali kwa nini? Mimi mwenyewe ninalala bwenini, na ningependa kujua kama kuna jambo wenzangu wanalijua ambalo mimi silijui.

#2 Kijana wa Boti
Nyuma ya choo cha bweni kuna mbuyu, na mbuyu huo una mwenyewe. Wanaolala hapo ni wale ambao bado hawajaambiwa.

#3 Bint Faza
Namba 2, ule mbuyu mimi ninauanikia nguo kila Jumamosi na mwenyewe hajanidai kodi.

Kaka Mwanagenzi, hesabu yako ina kasoro mbili. Kwanza, chumba cha Sh 2,000 hakilipiwi na mtu mmoja. Wakikaa wawili, kila mmoja atatoa Sh 3,000 kwa muhula, na wakikaa watatu atatoa Sh 2,000, kwa hiyo ghali unayoisema haipo. Pili, nieleze ulihesabu siku gani. Kama ulipita Ijumaa jioni, basi ulihesabu wasio na kwao karibu. Sisi tunaotoka visiwani tukishaswali Ijumaa tunateremka gatini kutafuta chombo, na kabla ya kuondoka tunakunja magodoro na kuyafungia stoo, kwa sababu mwaka jana godoro la mwenzetu lilisafiri bila yeye.

#4 Mwanagenzi wa Nyaya
Dada Bint Faza, umenikamata. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Nitahesabu tena Jumanne na nitaleta jibu hapahapa.

Lakini kuhusu kasoro ya kwanza, wewe nawe umesahau bodaboda. Kwa mtu mmoja ni Sh 50 kuja na Sh 50 kurudi. Siku tano kwa wiki, wiki kumi na mbili, hizo ni Sh 6,000. Hata wakipakiwa wawili na kugawana nauli, ni Sh 3,000 kwa kila mmoja. Ongeza Sh 3,000 za chumba, zinakuwa Sh 6,000 dhidi ya Sh 4,500 za bweni. Unafuu wako umekufa njiani.

#5 Bint Faza
Unafuu haukufa, ulikuja kwa miguu. Asubuhi wengi wao hutembea. Bodaboda ni ya siku ya mvua na siku ya mtihani.

#6 Mpishi wa Zamani
Wanangu, acheni kutafuta mbali. Ni chakula. Nimepika katika kantini ya chuo cha namna hiyo kwa miaka minne, na nitawaambia jinsi mambo yanavyokwenda kutoka upande wa sufuria.

Bwenini hairuhusiwi kupika, kwa hiyo mwanafunzi hana budi kula kantini au kufunga. Sasa, mpishi hajui leo watakuja wangapi. Jumatatu unapika sima na maharagwe ya watu sitini, wanakuja ishirini na watano, na kilichobaki ni hasara yako wala si ya chuo. Jumanne unapunguza, unapika ya watu thelathini, wanakuja hamsini kwa kuwa mvua imenyesha na hakuna aliyetaka kutoka nje ya lango. Wale ishirini waliokosa hawarudi tena mwezi mzima. Wiki inayofuata unapika ya ishirini na watano, na unaanza kutegemea kabichi, kwa sababu kabichi inakaa bila jokofu. Kufikia wiki ya tano, mama wa viazi karai aliye nje ya lango anauza kuliko wewe, naye hana hata meza.

Aliyepanga Mokowe anateremka gatini magharibi, anapata fungu la samaki wadogo kwa bei ya kuondolea, wanakaa wawili juu ya seredani moja na wanakula kama watu. Mwenye kitanda bwenini anaangalia kabichi. Mtu hawezi kusoma ufundi bomba wala ufundi nyaya kwa kabichi siku tano.

#7 Shela Kwetu
Ahsante mama. Ongeza na Ramadhani. Mwaka huu iliangukia muhula wa kwanza, na kantini haikufunguliwa wakati wa daku hata usiku mmoja. Futari ilitolewa, tena nzuri, lakini daku ilikuwa ni tende na maji ya chupa chini ya kitanda. Ndugu yangu alihama katikati ya mwezi akaenda kulala kwa watu mtaani ili apate wali na mchuzi saa kumi ya alfajiri, na alipokwisha kuzoea hakurudi. Hakuwa peke yake.

#8 Mwanagenzi wa Nyaya
Kuhusu kutopika bwenini, ningependa kuitetea amri hiyo kidogo, kwa kuwa inaingia katika somo langu. Watu hufikiri imewekwa kwa ukali tu. Koili moja ya kuchemshia maji ya wati 1,500, kwenye umeme wa volti 240, huvuta ampea 6 na robo. Sakiti ya soketi za bweni letu ina breka ya ampea 32. Koili tano zikichomekwa pamoja zimefika ampea 31 na ushei. Ya sita ikiingia, breka imezidiwa, na ikianguka soketi zote za bweni zinakosa umeme, na hapo sijahesabu pasi za nguo wala chaja za simu. Asubuhi saa kumi na mbili kila mtu anataka chai. Kabla ya amri hiyo, mtu mmoja mjuzi wa mwaka wa pili alikuwa ameiruka breka kwa kipande cha waya ili umeme usikatike. Waya wa ukutani ulipata moto hadi plasta ikabadilika rangi, na alama yake ipo mpaka leo juu ya kitanda cha pembeni. Ninalala chini yake.

#9 Mpishi wa Zamani
Mwanangu, sikusema wapike kwa koili. Nimesema wapewe banda nje, seredani tatu na ndoo ya mchanga.

#10 Witu Kando ya Barabara
Chakula ni sababu, lakini si mzizi. Mzizi ni lango kufungwa saa moja na nusu usiku. Hilo ni baki la kafyu ya mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, wakati sote tulitakiwa kuwa ndani jua likitua. Kafyu iliondoka, lango likabaki na saa zake. Kijana wa miaka ishirini na miwili hawezi kufungiwa kama kuku.

#11 Mlezi wa Bweni
Salaam. Nimekuwa nikiusoma uzi huu kimya, lakini hapa sina budi kusahihisha. Ninafanya kazi katika bweni linalozungumzwa. Jengo lenyewe lilianza kulaza wanafunzi miaka mitatu baada ya kafyu hiyo kuondolewa, kwa hiyo hatukuirithi saa kutoka kwake. Saa moja na nusu iliwekwa na mkutano wa wazazi, na waliokuwa wakali zaidi ni wazazi wa wasichana. Wengine walisema wazi kwamba bila lango kufungwa mapema, binti hatatoka Kizingitini kuja kusoma ushonaji bara. Mimi nilipendekeza saa tatu na sikupata hata mkono mmoja.

Ninakiri kasoro moja. Saa hiyo inagongana na swala ya isha. Anayetaka kuswali kwa jamaa msikitini nje ya lango anarudi akikuta limefungwa, na mlinzi hana ruhusa ya kumfungulia bila kuniita. Wengi wao wanaona haya kuniamsha, nami ninalala mapema.

#12 Kijana wa Boti
Kwa hiyo jini hana hatia.

#13 Shela Kwetu
Bado hakuna aliyetaja maji. Maji ya kile kisima ni ya chumvi. Birika la bweni lina ukoko mweupe wa chumvi unene wa kucha, na ukioga nywele zinasimama kama ufagio. Mimi nilikaa muhula mmoja tu, na kilichoniondoa ni maji.

#14 Fundi wa Mabomba
Namba 13, umetaja jambo la kweli kwa jina lisilo lake, na ni muhimu tulitenganishe, kwa sababu dawa zake ni tofauti.

Ule ukoko wa birika si chumvi. Chumvi ya kula haigandi hivyo wakati maji bado yamo. Huyeyuka na kubaki humohumo ndani. Kilichoganda ni chokaa. Nchi yetu hapa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya mvua yanapopenya katika mawe hayo huteremka na chokaa yake. Ukiyachemsha, sehemu ya chokaa hujitenga na kushika chuma cha birika. Kama huniamini, kamulia ndimu juu ya ule ukoko: utaona unatoa povu na kuchemka wenyewe bila moto. Chumvi haifanyi hivyo. Maji ya namna hii ndiyo yanayoikataa sabuni, hata mtu anamaliza kipande kizima kwa wiki na bado kanzu ina kijivu.

Sasa, yapo pia maji yenye chumvi hasa, na haya husababishwa na kisima kuvutwa kupita kiasi karibu na bahari, maji matamu yaliyo juu yakaisha na ya bahari yakapanda kutoka chini. Hayo hata uyachemshe siku nzima hayapungui ukali, yanazidi. Nilikwenda kutazama kisima cha bweni hilo mwaka juzi, nikayaonja asubuhi kabla pampu haijawashwa, nikayaonja tena baada ya saa tatu za pampu. Asubuhi yalikuwa ya kunyweka, mazito kidogo. Baada ya saa tatu ulimi ulikataa. Kwa hiyo bweni lina mambo mawili, chokaa ya daima na chumvi ya mchana. Nilishauri wavute kidogo kidogo usiku badala ya kukurupuka saa sita mchana, wakaniambia mlinzi wa usiku hajui kuwasha pampu. Kuwasha kwenyewe ni kubonyeza kitufe cha kijani.

#15 Shela Kwetu
Ahsante ami, nimefahamu. Nimeikamulia ndimu birika ya nyumbani kwetu na imechemka kweli. Mama ameniuliza ninafanya uchawi gani.

#16 Mzaliwa wa Mpeketoni
Nimesoma mnavyowasifu waliopanga nje, na ninataka kuleta upande wa pili, kwa kuwa mimi nimekaa kote kuwili. Kwetu Mpeketoni ziwa liko karibu na maji si tatizo, kwa hiyo mwanzoni nilikuwa miongoni mwa waliolikimbia bweni kwa sababu ya kisima. Nilipanga chumba na mwenzangu. Mwezi wa tatu mwenzangu aliacha masomo akaenda kuolewa, kodi yote ikaniangukia mimi. Nilichelewa kulipa siku tisa. Nikarudi kutoka darasani nikakuta kufuli la mwenye nyumba juu ya kufuli langu, na ndani mna sanduku langu, daftari la michoro yote ya muhula, na mkasi wa kukatia vitambaa ambao ndio ningefanyia mtihani wa vitendo siku ya pili yake. Nilifanya mtihani kwa mkasi wa kuazima uliokuwa wa mtu wa mkono wa kushoto. Ukitaka kujua ni jambo gani, jaribu kukata kola kwa mkasi huo ukiwa wa mkono wa kulia.

Nimerudi bwenini. Maji ni mabaya, kabichi ni ileile, lakini hakuna anayeweza kunifungia sanduku langu.

#17 Mwenye Nyumba Mokowe
Nina vyumba sita Mokowe, na sikumfungia dada huyo mlango, ila ninamjua aliyemfungia na amekosea.

Nitasema yale ninayoyaona. Wanafunzi hawaji kwangu kwa sababu ya bei. Wanakuja kwa sababu ninapokea vipande. Leo Sh 500, wiki ijayo Sh 700, mwezi ukiisha tunamalizana. Mmoja baba yake ni mvuvi wa Kiwayu, na bahari ikichafuka wakati wa kusi anakaa wiki mbili bila kutia ngalawa majini. Huwezi kumwambia baba huyo alete Sh 4,500 kwa mkupuo tarehe ya kufungua chuo, hasa mwezi wa tano ambapo upepo uko kifuani mwake. Aliwahi kuniletea nguru mkavu nikamkatia kodi ya nusu mwezi. Chuo kina risiti za kompyuta, hakiwezi kupokea nguru.

#18 Kijana wa Boti
Ami, nguru mmoja kwa nusu mwezi? Mimi ninahamia kwako na wawili.

#19 Mwenye Nyumba Mokowe
Alikuwa mkubwa.

#20 Karani Mstaafu
Ninashukuru kwa mjadala wenye adabu. Nilifanya kazi katika ofisi ya fedha ya chuo cha kiufundi kwa muda mrefu, si hicho chenu, na ninaona mwenye nyumba amekaribia sana, lakini kuna kitu ndani zaidi ambacho mwanafunzi hakioni mpaka kimgonge.

Chukueni miaka ile kabla ya mabadiliko ya ufadhili ya mwaka 2023. Karo ya vyuo vya kiufundi vya umma ilikuwa Sh 56,420 kwa mwaka. Serikali ilitoa Sh 30,000 kwa kila mwanafunzi aliyepangiwa chuo, akabakiwa na Sh 26,420, na wengi walizitegemea kutoka HELB, bodi ya mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Bweni kwetu lilikuwa nje ya hesabu hiyo, likilipwa kando. Lakini neno "kando" lilikuwa kwenye karatasi tu. Fedha zote ziliingia katika akaunti moja, na mfumo wa kompyuta ulipangwa ukate deni la zamani kwanza, kisha karo ya muhula, na bweni likawa la mwisho. Mzazi anauza mbuzi, anatuma Sh 4,500 akiamini amemlipia mwanawe kitanda. Mkopo haujafika, kwa hiyo mwanafunzi ana deni la karo. Zile Sh 4,500 zinamezwa na karo, na jina lake halitokei katika orodha ya bweni. Anakuja dirishani na ujumbe wa simu unaoonyesha amelipa, ninamwonyesha kompyuta inayoonyesha hajalipa, na sote wawili tunasema kweli. Niliwahi kumwona mama mmoja akitoa miwani, akaipangusa, akaitazama skrini mara tatu.

Mtu akifanyiwa hivyo mara moja, muhula wa pili pesa za malazi hazipitii tena chuoni. Anazipeleka kwa mwenye nyumba mkononi, kwa kuwa huko shilingi ya kodi inabaki kuwa ya kodi.

#21 Mzaliwa wa Mpeketoni
Mzee Karani, heshima yako, lakini mimi nina deni la karo la muhula mzima na ninalala bwenini. Kwa hiyo si hivyo kila mahali.

#22 Mlezi wa Bweni
Dada huyu analala kwa sababu nilimwandika kwa kalamu. Orodha ya kompyuta inasema hayupo. Nitaomba suala hili lisiendelee kujadiliwa hapa.

#23 Karani Mstaafu
Hakuna lililosemwa.

#24 Witu Kando ya Barabara
Mimi ninauliza, kwa nini kaunti isiingie ikarekebisha hilo bweni, maji na banda la kupikia? Vyuo vya ufundi si vya kaunti?

#25 Karani Mstaafu
Vile vya vijijini, vilivyokuwa vikiitwa politeknik za vijiji, ndivyo vilivyokabidhiwa kaunti na Katiba ya mwaka 2010. Vyuo vya kiufundi vinavyopokea wanafunzi waliopangwa na serikali kuu viko chini ya Wizara ya Elimu. Kaunti inaweza kutoa basari kwa mwanafunzi. Kujenga banda katika uwanja usio wake ni jambo refu. Maelezo ya wanafunzi hao yanaonyesha chuo chao kiko chini ya wizara.

#26 Mwanagenzi wa Nyaya
Nimerudi na ahadi yangu. Nimehesabu leo Jumanne saa mbili usiku, kitanda kwa kitanda, pamoja na Bi Mlezi aliyenisaidia upande ambao mimi siruhusiwi kuingia. Jumla ni 27, wala si 19. Bint Faza alikuwa na haki.

Lakini sasa kumetokea jambo jingine ambalo sikulitarajia. Bweni lina mabawa mawili ya vitanda 24. Kwa wasichana vimejaa 18. Kwa wavulana vimejaa 9. Kisima ni kilekile, kabichi ni ileile, breka ni ileile, na kompyuta ya ofisi haibagui. Kama sababu ni maji, kwa nini maji yawafukuze wavulana pekee? Kama ni malipo ya mkupuo, je, wavuvi huzaa wavulana tu?

#27 Witu Kando ya Barabara
Nilisema lango. Msichana analindwa na lango, mvulana anazuiwa nalo. Hesabu yako imenipa haki.

#28 Mpishi wa Zamani
Si lango, ni tumbo. Wasichana wale wanajua kuficha mkate wa mofa na achari kwenye sanduku kutoka nyumbani. Wavulana wanakuja na begi la nguo na njaa.

#29 Bint Faza
Nyote wawili mnatusemea. Sisi wenyewe hatuna hiari kubwa kama mnavyofikiri. Baba yangu alisema bweni au nyumbani, hakukuwa na la tatu. Miongoni mwa wale 18, ninaowajua kumi wangehama kesho kama wangeruhusiwa, na wanane wasingehama kwa vyovyote, kwa sababu ya visa kama cha dada wa Mpeketoni. Usihesabu kitanda kilichojaa kama kura.

#30 Fundi wa Mabomba
Wavulana wanaoga mara mbili kwa siku kwa sababu ya karakana. Grisi na maji ya chokaa haviivi chungu kimoja. Ninaendelea kusimama na maji.

#31 Kijana wa Boti
Wavulana gani hao wanaooga mara mbili?

#32 Shela Kwetu
Nilete jingine ambalo halijaguswa. Kuna muhula wa mafunzo kazini. Wavulana wengi wa mwaka wa pili wako nje sasa hivi, wengine bandarini Kililana, wengine katika hoteli za Amu (mji wa Lamu) na Shela, wengine katika ofisi za kaunti hapohapo Mokowe. Aliye kazini hahesabiwi kuwa yuko chuoni, kwa hiyo haruhusiwi kulala bwenini hata kama kazi yake iko mwendo wa dakika kumi. Ndugu yangu mwingine alipewa nafasi Mokowe akaambiwa aondoe godoro. Alipanga chumba kwa muhula huo mmoja, akanunua jiko, ndoo, pazia na kapeti la plastiki. Muhula ulipoisha akasema vitu vyote hivi atavipeleka wapi? Alibaki hukohuko. Mtu akishanunua pazia hawezi kurudi kwenye kitanda cha juu.

#33 Mwanagenzi wa Nyaya
Hili sikulifikiria. Kati ya wavulana kumi na wanne wa darasa la mwaka wa pili wa umeme, kumi na mmoja wako kazini muhula huu. Lakini mwaka wa kwanza nao hawajajaa bwenini, nao hawajaenda popote.

#34 Bint Faza
Tuache kidogo wanaume na mapazia yao. Kwetu Pate kuna majabia ya kukusanyia maji ya mvua tangu enzi za mababu. Bweni lina paa kubwa la mabati na mvua ya mwezi wa tano inamwagika mchangani tu. Ami Fundi, paa hilo lingetosha?

#35 Fundi wa Mabomba
Swali zuri, binti yangu. Nililipima siku ile: urefu mita 20, upana mita 8, yaani mita za mraba 160. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua moja nzito ya milimita 50 ingeleta lita 8,000, ukitoa zinazopotea na zile za mwanzo zinazosafisha kinyesi cha popo. Watu 27 wakitumia lita 20 kila mmoja kwa kunywa, kupika na kuoshea uso, ni lita 540 kwa siku. Tangi la lita 10,000 likijaa linawafikisha siku kumi na nane. Masika lingejaa tena na tena. Kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa tatu mngerudi kisimani, hapana njia. Mifereji ya paa ndiyo inayokosekana. Tangi lipo, ninakumbuka kuliona limelala ubavu nyuma ya karakana na kuku ndani yake.

#36 Mlezi wa Bweni
Kuku ni wangu. Nitawatoa mifereji ikinunuliwa.

#37 Mwenye Nyumba Mokowe
Msiharakishe sana na hiyo mifereji. Nina mkopo wa mabati.

#38 Mgeni wa Muhula Ujao
Assalam alaykum. Nimepangiwa chuo hicho kuanzia mwezi wa tisa, fani ya umeme, ninatoka Siyu. Nimesoma uzi wote mara mbili na sijajua bado nilale wapi. Naomba kuuliza, upande wa wavulana kitanda kilicho karibu na dirisha kinapatikana, na je, ni kile chenye alama ya moto ukutani?

#39 Mlezi wa Bweni
Waalaykum salaam, mwanangu. Vya dirishani ni viwili, vyote viko wazi, na chenye alama ya moto ni cha pembeni, kina mtu. Njoo na godoro la futi mbili na nusu, kufuli lako mwenyewe na ndoo yenye mfuniko. Kabla hujatuma pesa za bweni, nipigie kwanza.

#40 Mpishi wa Zamani
Na achari.